Gari la abiria likitetemeka kuanzia kilomita 70: pa kuanzia kutafuta

Ukipanda matatu ya viti 14 kutoka Mombasa kwenda Malindi, utaijua hali hii hata kama hujui kuendesha. Ndani ya mji gari liko shwari. Likishapita Mtwapa na dereva akapata nafasi ya kukanyaga, sakafu inaanza kutetema chini ya nyayo, kioo cha dirisha kinagongagonga kwenye raba yake, na kule mbele dereva amekaza mikono kwenye usukani. Akipunguza mwendo, kimya. Akirudi kwenye 75, mambo ni yale yale. Abiria huona ni uzee wa gari. Dereva amekwisha kuzoea. Mwenye gari naye amekwisha kulipa mafundi mara tatu na hajaona tofauti.

Wenye magari huniuliza sana juu ya jambo hili, na karibu wote huanza kwa kunihesabia vitu walivyobadilisha: matairi mawili ya mbele, shoki, bushi, alaimenti mara mbili. Ni wachache wanaoweza kuniambia mtetemo unaanza kwa mwendo gani, unasikika wapi, na unafanya nini mguu ukitolewa kwenye mafuta. Majibu hayo matatu hayagharimu hata shilingi, na bila hayo spea unayonunua ni ya kubahatisha.

Nitazungumzia Toyota HiAce kwa sababu ndiyo iliyojaa kwenye barabara zetu, kuanzia matatu hadi magari ya shule na ya watalii. Nissan Caravan na mavani mengine yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma yanafuata hesabu hiyo hiyo.

Niseme pia kwa nini jambo hili si la kuzoea. Mara nyingi chanzo ni kidogo, risasi ya gramu chache imedondoka kwenye rimu. Lakini mtetemo wa aina hiyo hiyo unaweza kuwa ni tairi ambalo tabaka zake zinaachana ndani, au nati za gurudumu zinalegea, au kiungo cha propela kinakaribia kukatika. Aliyekaa kiti cha nyuma hawezi kutofautisha, na dereva aliyezoea ameacha kusikiliza. Wapo wanaosema "tawakali tu, tutafika". Kumtegemea Mungu hakujamkataza mtu kukaza nati kabla ya kupakia watu 14.

Hesabu ndogo kabla ya spana

Gari likitetemeka kwa mwendo mkubwa tu, basi kinacholitetemesha ni kitu kinachozunguka. Vitu vyenyewe si vingi: magurudumu pamoja na hobu, dramu na diski zake, propela, shafti za ndani ya ekseli ya nyuma, na injini na klachi. Kila kimoja kina kasi yake, na hapo ndipo tunapokikamata.

Tairi la kawaida la HiAce, 195 R15, lina mzingo wa mita 2 na zaidi kidogo. Kwa kilomita 80 kwa saa, ambao ndio mwendo wa mwisho unaoruhusiwa kwa gari la abiria Kenya, gari linakwenda mita 22 kwa sekunde. Kwa hiyo kila tairi linazunguka kama mara 10 kwa sekunde. Propela huzunguka haraka zaidi, kwa sababu difu hupunguza mzunguko wake takriban mara nne kabla ya kufika kwenye magurudumu. Wakati tairi limezunguka mara 10, propela imezunguka kama mara 40.

Mara 10 kwa sekunde mwili wako unaweza karibu kuihesabu. Ni mtikiso wenye mapigo, usukani unakwenda huku na huku, maji ndani ya chupa yanaruka. Mara 40 huwezi kuihesabu. Ni mvumo, kama ganzi inayopanda miguuni kutoka sakafuni, na wengine huisikia masikioni zaidi kuliko mwilini. Ukijua unasikia kipi kati ya hivyo viwili, umekwisha kupunguza nusu ya kazi.

Na kwa nini mjini hakuna kitu? Nguvu ya kitu kisicho na mizani hukua kwa mraba wa mwendo. Chukua gramu 30 zilizozidi upande mmoja wa rimu ya inchi 15. Kwa kilomita 80 zinavuta kwa nguvu ya zaidi ya kilo mbili, juu na chini, mara 10 kila sekunde. Kwa kilomita 40 nguvu hiyo ni robo tu. Juu ya hapo, kila gari lina mwendo ambao springi na magurudumu yake yenyewe hupenda kucheza, ndiyo maana gari lisilofungwa spidi gavana linaweza kutetemeka kwenye 80 likatulia kwenye 100. Matatu haifiki huko, kwa hiyo dereva huamini kwamba mtetemo unazidi kadiri anavyokimbia. Asijaribu kuhakikisha.

Safari moja ya majaribio

Chukua gari asubuhi mapema, bila abiria, kwenye kipande cha barabara kilichonyooka na chenye lami nzuri. Uwe na mtu wa pili wa kuandika, usiandike mwenyewe huku unaendesha. Panda taratibu kutoka 40 hadi 80 na mtaje kila mwendo ambapo kitu kinaanza, kinazidi na kinapungua.

Kwanza angalia mtetemo uko wapi. Ukiwa kwenye usukani, anza na magurudumu ya mbele. Ukiwa kwenye kiti na sakafu huku usukani umetulia, nenda nyuma: magurudumu ya nyuma au propela. Kanuni hii si ya asilimia mia. Kwenye HiAce dereva amekaa juu ya magurudumu ya mbele kabisa, kwa hiyo mtikiso wa mbele humpata pia kwenye kiti. Mpe yule mtu wa pili kiti cha nyuma kabisa, halafu mlinganishe.

Pili, mkiwa kwenye mwendo wa mtetemo, kanyaga klachi, toa gia na uliache gari liteleze lenyewe. Ufunguo usiuguse hata kidogo, kwa sababu injini ikizimika usukani unakuwa mzito na breki inakosa msaada wake. Mtetemo ukikatika pale pale, tazama injini, mauntingi zake na klachi. Ukiendelea vile vile na kupungua pole pole na mwendo, ni magurudumu au propela. Ukibadilika, ukawa mkali unapokanyaga mafuta na mpole unapoachia, mimi hufikiria propela na pembe zake kwanza, halafu difu.

Tatu, endesha mwendo ule ule kwa gia ya chini yake, pale injini inapoweza bila kulia sana. Injini sasa inazunguka haraka zaidi lakini magurudumu yako pale pale. Mtetemo usipobadilika, injini haina kosa.

Nne, breki. Gari linalotetemeka pale tu unapokanyaga breki lina diski au dramu zisizo sawa, na hilo halina uhusiano na mizani ya matairi. Nimeona watu wakifanyiwa balansi kwa tatizo la diski.

Rudia safari hiyo gari likiwa na mzigo, kama linafanya kazi na mzigo. Watu 14 wa kilo 70 ni karibu tani moja, na tani moja inashusha springi za nyuma na kubadilisha pembe ya propela. Mtetemo unaokuja na mzigo tu ni habari muhimu sana.

Matairi na rimu, ambako kosa huwa mara nyingi

Anza kwa kuosha. Sisemi mzaha. Aliyetoka barabara za vumbi na matope huko Tana River wakati wa mvua anarudi na udongo uliokauka ndani ya rimu, upande usioonekana, na bonge moja linazidi uzito wa risasi zote za balansi. Osha ndani ya rimu zote nne, kisha ulijaribu tena gari.

Halafu upepo, kwa kipimo kilichobandikwa kwenye nguzo ya mlango, si kwa kupiga teke. Kisha pitisha kiganja juu ya tairi, gari likiwa limezimwa na limesimama imara. Unatafuta uvimbe, bonde, au sehemu iliyolika peke yake. Tairi lenye uvimbe kwenye sehemu inayokanyaga barabara au ubavuni halina tiba. Waya na tabaka za ndani zinaachana, na kinachofuata ni kupasuka, mara nyingi mchana wa jua kali gari likiwa limejaa. Dalili yake ni kwamba gari huyumba hata kwa mwendo mdogo wa 20 au 30, kama mtu anayechechemea, halafu kwa siku chache hali inazidi. Tairi hilo litolewe siku hiyo hiyo.

Soma pia tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ubavuni. 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba linaweza kuwa na meno mazuri na umri wa kutisha. Na hakikisha ni tairi la kubeba mzigo, lenye herufi C au LT, si la gari dogo la nyumbani lililowekwa kwa sababu limeingia kwenye rimu.

Sasa inua gurudumu moja moja kwa jeki, uweke stendi chini yake, kisha ulizungushe kwa mkono huku umeshikilia kijiti kisichogusa tairi, karibu kabisa. Nafasi kati ya kijiti na tairi ikipanuka na kufinyika zaidi ya milimita moja na nusu hivi, tairi au rimu si duara. Sogeza kijiti kwenye rimu yenyewe ujue mwenye kosa ni nani. Mashimo na matuta yetu hukunja rimu za chuma kwa upande wa ndani, ambako muuzaji wa rimu haangalii na mnunuzi pia.

Hapa kuna jambo ambalo mafundi wengi wa matairi huliruka. Mashine ya balansi hupima uzito, haipimi umbo. Tairi lililopinda kama yai linaweza kupata sifuri kwa sifuri kwenye mashine na bado likarusha gari, kwa sababu kila mzunguko linainua ekseli. Ukiambiwa "balansi iko sawa", usitoke hapo mpaka umelitazama linavyozunguka.

Na balansi si alaimenti. Watu wetu huyataja kwa pumzi moja na mara nyingi hulipia yote mawili. Alaimenti ikiwa mbaya gari huvuta upande na matairi huliwa ukingo mmoja. Haileti mtetemo unaoanza 70 na kuisha 60. Ukitetemeka hivyo na fundi akakupeleka moja kwa moja kwenye alaimenti, muulize kwa nini.

Kipimo rahisi kuliko vyote: hamisha magurudumu ya mbele yapelekwe nyuma, na ya nyuma mbele. Mtetemo ukihama kutoka usukani kwenda kwenye kiti, umelipata kosa katika magurudumu yenyewe bila kununua kitu. Ukibaki ulipokuwa, matairi yana ushahidi mzuri wa kujitetea.

Usisahau gurudumu linavyokaa juu ya hobu. Hewa yetu ya chumvi hutengeneza kutu kwenye uso wa hobu, na ganda dogo la kutu linatosha kuliweka gurudumu likae upande. Piga brashi ya waya mpaka chuma king'ae. Rimu za urembo zina hatari ya pili: nyingine zina tundu la kati pana kuliko hobu, na nyingine zinataka nati za uso bapa badala ya zile zenye ncha ya koni. Nati isiyolingana na rimu hukaza mkononi na kulegea barabarani. Kaza kwa kuvuka, nati moja kisha inayoikabili, kwanza gurudumu likiwa hewani lijikalishe, halafu chini kwa spana ya kipimo. Bunduki ya upepo peke yake haijui kipimo.

Kabla ya kuondoka mbele, shika gurudumu lililo hewani na ulitikise. Vitabu husema ulishike saa 12 na saa 6, kwa saa za Kizungu. Sisi tuseme juu na chini. Likicheza hivyo, ni beringi au bolijointi. Likicheza kushoto na kulia, ni tairodi na viungo vya usukani. Viungo vilivyolegea mara chache ndivyo vinavyoanzisha mtetemo. Vinaukuza. Gramu 15 ambazo gari zima lingezimeza, gari lenye tairodi mbovu linazipeleka zote mikononi mwa dereva. Vibadilishwe kwa usalama, lakini usishangae mtetemo ukibaki robo yake.

Propela, ambako pesa hupotea

HiAce nyingi ndefu zina propela ya vipande viwili. Katikati imeshikwa na beringi iliyozungukwa na raba, na kwenye maungio kuna spaida, kile kiungo chenye umbo la msalaba. Kila kimoja kati ya hivyo kinaweza kuleta ule mvumo wa sakafuni.

Kuna HiAce moja ya kubeba wanafunzi niliyoletewa niitazame, baada ya mwenyewe kununua matairi manne mapya na shoki za nyuma. Mvumo ulikuwa sakafuni, usukani umetulia kabisa, na ulianza kwenye 65. Nikamuuliza ulianza lini. Akafikiri, akasema baada ya Ramadhani. Na baada ya Ramadhani gari lilifanyiwa nini? Klachi. Sasa, klachi haishuki bila kushusha propela. Tulipoingia chini hatukuona alama yoyote ya rangi wala ya patasi kwenye maungio. Aliyeirudisha aliirudisha ilivyomjia mkononi, na masikio ya spaida ya kipande cha nyuma hayakuwa yakilingana na ya kipande cha mbele. Raba ya beringi ya katikati ilikuwa imeanza kuchanika kwa mateso hayo. Propela ikapangwa upya, beringi ikabadilishwa, na matairi yale mapya yakaachwa kwa amani.

Spaida inapofanya kazi kwa pembe, haizungushi kile kipande cha pili kwa kasi moja. Katika kila mzunguko inakiharakisha na kukipunguza mara mbili. Spaida ya upande wa pili ikiwa imepangwa sawa, inafuta kosa la mwenzake. Ikikosewa, makosa yanajumlishwa. Ndiyo sababu fundi anayeshusha propela lazima apige alama kila ungio kabla ya kufungua bolti ya kwanza. Ukipeleka gari kwa kazi ya klachi, gia boksi au difu, liseme hilo mwanzoni, kwa adabu, na uombe kuonyeshwa alama zenyewe.

Chini ya gari, injini imezimwa, matairi yamewekewa vigingi, angalia haya. Unga mwekundu wa kutu kwenye vikombe vya spaida maana yake ni kwamba grisi imekwisha na sindano za ndani zinasagika. Shika propela pande zote mbili za spaida uzipindishe kinyume. Usisikie mchezo wala mlio. Sukuma beringi ya katikati. Raba isiwe imechanika wala imezama upande mmoja. Tazama bomba la propela kama lina bonde, na kama kuna alama ya kibati cha mizani kilichong'oka. Lami au rangi nzito iliyopulizwa chini ya gari ikafunika propela nayo inaharibu mizani.

Springi za majani zilizolala, au zilizoongezwa majani ili kubeba zaidi, hubadilisha pembe ya difu na kuleta mvumo ambao hakuna balansi itakayoutoa. Mauntingi ya gia boksi iliyokufa hufanya hivyo hivyo upande wa mbele.

Mafundi wengine huinua ekseli ya nyuma, wakatia gia na kutazama propela inavyozunguka. Kwa stendi imara na mtu mzoefu, sawa. Kwa jeki na tofali, hapana. Propela inayozunguka haimsamehi mtu aliyelala chini yake. Ukishuku mizani, ishushwe na kupelekwa kwa anayebalansi propela kwa mashine.

Kama matairi, rimu, hobu na propela zote ziko sawa, ndipo mtu aanze kufikiria ekseli iliyopinda au dramu isiyo na mizani. Ni nadra, ila gari lililowahi kugonga au kuzama kwenye shimo kubwa likiwa na mzigo lipimwe.

Baada ya matengenezo, rudi kwenye kipande kile kile cha barabara, mwendo ule ule, na karatasi yako. Gurudumu lolote lililofunguliwa likazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Wengine huchora mstari wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye rimu, na asubuhi kondakta anaona kwa jicho tu kama kuna iliyosogea.

Haya yote ni kwa mtetemo wa siku nyingi. Ule unaozuka ghafla njiani hauna majaribio. Dereva atoe mguu kwenye mafuta, asikanyage breki kwa nguvu, aingie pembeni na kuwasha taa za hatari. Abiria wateremke kwa upande usio wa barabara na wasimame mbali na gari. Kisha aguse nati zote kwa spana, atazame matairi yote manne mpaka upande wa ndani, na ainame kuangalia propela. Akikuta nati imelegea, tairi limevimba au spaida inacheza, gari lisiendelee na abiria, hata kama Kilifi inaonekana pale mbele.